Mashine ya kikundi inavunja punje na kutugombanisha: je, tuiuze?

Mzee Mshauri,

Pokea salamu kutoka Bweyale, wilayani Kiryandongo, hapa Uganda. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha wakulima 22, wanawake 14 na wanaume 8, na kila mmoja wetu hulima kati ya ekari moja na nne, sehemu kubwa ikiwa mahindi. Kwa miaka mingi tumepukuchua mahindi kama tulivyowaona wazazi wetu wakifanya: tunayajaza kwenye gunia, tunalifunga mdomo, tunalipiga kwa fimbo mpaka punje ziachane na magunzi, kisha tunapepeta. Kazi hiyo ilituchosha mabega na migongo, na mwenye magunia 20 alihitaji karibu wiki nzima pamoja na watoto wake wote.

Mwaka jana tulikusanya akiba yetu, tukaongeza mkopo mdogo, tukanunua mashine ya kupukuchua yenye injini ya petroli kwa shilingi 3,200,000. Siku ilipowashwa kwa mara ya kwanza akina mama walipiga vigelegele, kwa sababu ndani ya saa moja ilitoa magunia manane ya kilo 100. Msimu ule tulipukuchua magunia 410. Kila mwanachama alilipa shilingi 3,000 kwa gunia, lakini fedha zote ziliishia kwenye petroli na ujira wa mwendeshaji, na sandukuni hakukubaki kitu.

Sasa tumo katika msimu wa pili wa kuitumia na mambo yameharibika. Mnunuzi mmoja anayepeleka mahindi Kenya alichota konzi mbili kutoka kwenye gunia langu, akazimwaga juu ya gazeti, akaanza kutenga vipande vilivyovunjika kwa ncha ya kalamu. Hakusema neno kwa muda mrefu, nami nilisimama pale nikiona jinsi kile kifungu cha vipande kinavyokua. Mwisho alitupunguzia shilingi 150 kwa kila kilo. Nadhani tatizo lilianza pale fundi wetu alipoiondoa puli ya injini (lile gurudumu la mkanda) ya inchi 3 na kuweka ya inchi 4, ili mashine iende kasi zaidi kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu. Puli ya upande wa ngoma, yaani lile pipa linalozunguka ndani na kupiga magunzi, ni ya inchi 12, na hiyo hakuigusa. Tena kuna mwenzetu aliyewahi kufanya kazi katika mashamba ya mpunga ya Doho, kule Butaleja, ambaye alitushauri tupukuchue mara tu baada ya kuvuna, tusingoje mahindi yakauke, na wengi tulimfuata kwa kuogopa mvua na wezi.

Jambo la foleni ndilo linaloniumiza zaidi. Mashine hulala nyumbani kwa mwenyekiti wetu, hivyo yeye na ndugu zake hutangulia, kisha wenye magunia mengi hufuata. Mjane mmoja mwenye magunia matatu tu alingoja siku tisa, mpaka mvua ya Agosti ikayakuta mahindi yake uani na sehemu yake ikashika kuvu. Wako pia wanawake wawili waliokuwa wakipata fedha ya chumvi na sabuni kwa kibarua cha kupiga magunia, nao wanasema mashine imewanyang'anya riziki. Na wiki mbili zilizopita mashine ilimvuta kijana mmoja mkono wa shati alipokuwa akisukuma mahindi yaliyokwama. Alinusurika kwa sababu shati lilikuwa kuukuu, likachanika.

Baadhi ya wanachama wanataka tuiuze na kurudia fimbo. Wengine wanasema tuitumie pia kupura maharage na soya ili ilete fedha zaidi. Naomba unishauri, kwa maana kikao kiko mwisho wa mwezi huu na kila mtu ananitazama mimi.

Mweka Hazina, Bweyale

Jibu

Dada Mweka Hazina,

Msiiuze. Yote uliyoyaeleza yanaweza kurekebishwa, na mengi yake yanatokana na jambo moja ambalo barua yako inaligusa bila kulitaja: kikundi chenu kimepanga kazi ya mashine kwa kufuata watu, wakati kilipaswa kuipanga kwa kufuata ukavu wa mahindi. Mkiligeuza hilo, punje zitapona, na kwa kiasi kikubwa ugomvi wa foleni utapona pia.

Nianze na ushauri wa mwenzenu aliyetoka Doho, kwa sababu hakuwadanganya. Alisema kweli ya zao lingine. Mpunga hupurwa mapema baada ya kukatwa, punje zikiwa bado na unyevu, kwa kuwa ukirundikwa kwa siku kadhaa hupata joto ndani ya lundo na mchele hubadilika rangi, na ukiachwa ukauke mno shambani punje hupukutika ardhini. Isitoshe, punje ya mpunga ina ganda lake linaloikinga. Punje ya mahindi haina ganda la namna hiyo. Ikiingia mashineni ikiwa mbichi, ni laini na imeshikamana na gunzi, hivyo ngoma haiibandui bali huichana, na mara nyingi kiini chake hujeruhiwa. Mahindi yanatakiwa yakauke yakiwa bado kwenye magunzi mpaka unyevu ushuke kufikia asilimia 14 au karibu na hapo, ndipo yapukuchuliwe. Naomba mwenzenu huyo asilaumiwe kikaoni. Mpeni nafasi aeleze mwenyewe tofauti ya mazao haya mawili, maana anaijua kazi ya kupura kuliko wengi wenu.

Kuhusu puli, hesabu yake ni nyepesi na ningependa uifanye mbele ya wanachama kwa chaki. Injini nyingi ndogo za petroli, zikiachiwa kasi yake ya juu, huzunguka mara 3,600 kwa dakika. Zidisha kwa 3, gawanya kwa 12, unapata mizunguko 900 ya ngoma. Puli ya inchi 4 inakupa 1,200. Fundi wenu aliongeza kasi kwa theluthi moja, lakini nguvu ya pigo haikui sawasawa na kasi, hukua kwa mraba wake, kwa hiyo kila punje sasa inapigwa kwa nguvu iliyozidi ya zamani kwa zaidi ya robo tatu. Mahindi mabichi yakipigwa hivyo huchanika, na makavu sana hupasuka kama kioo. Rudisheni puli ya inchi 3 kabla ya gunia jingine kupita. Kama kwenye mashine kuna kibati chenye maelezo ya mtengenezaji, someni kasi ya ngoma iliyoandikwa pale na muifuate hiyo kuliko maneno yangu. Mwambieni fundi pia atazame nafasi iliyopo kati ya ngoma na wavu wa chini, kwa sababu ikiwa nyembamba mno husaga punje hata kama kasi ni sahihi.

Huenda mtu akasema kwamba mashine ikipunguzwa kasi foleni itarefuka. Itarefuka kidogo. Lakini tazama upande wa pili wa hesabu: shilingi 150 kwa kilo ni shilingi 15,000 kwa kila gunia la kilo 100. Kama magunia 410 yote yangepunguziwa kiasi hicho, mngepoteza shilingi 6,150,000, ambazo ni karibu mara mbili ya bei ya mashine yenyewe.

Yule mnunuzi hakuwa akiwaonea. Kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki kinaruhusu punje zilizovunjika zisizozidi asilimia 2 kwa daraja la kwanza na asilimia 4 kwa daraja la pili, na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Nyinyi wenyewe mnaweza kupima kabla hajafika: pimeni kilo moja kwa mizani ya dukani, tengeni vipande vyote, kisha vipimeni. Vikifika gramu 40, mko kwenye asilimia 4. Na punje iliyovunjika haiharibu sura ya gunia tu. Ni mlango wa kuvu, na wako wadudu wasioweza kuitoboa punje nzima ambao hustawi kwenye vipande na vumbi la mahindi. Mnakumbuka kwamba mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayotolewa na kuvu, na ilipoyaruhusu tena siku chache baadaye iliweka sharti la vyeti vinavyoonyesha kwamba sumu hiyo haizidi sehemu 10 katika bilioni. Mnunuzi anayevuka mpaka anabeba hofu hiyo kila anapochota konzi yake.

Sasa nije kwenye chupa ya kupimia unyevu, ambayo naiona kuwa dawa ya foleni yenu. Kipima unyevu cha betri ni kizuri na mkipata fedha mkinunue, lakini kazi inaweza kuanza kesho kwa chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, yenye kifuniko, na chumvi ya kawaida isiyo na majimaji. Mwenye mahindi analeta magunzi matano aliyoyatoa katikati na chini ya lundo lake, maana ya juu hukauka kwanza na kudanganya. Mnayapukuchua kwa mikono, mnajaza punje theluthi moja ya chupa, mnaongeza vijiko vitatu vya chumvi, mnatikisa kwa dakika nzima, kisha mnaiacha chupa itulie kwa robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi yarudi juani. Ikidondoka yote chini na kioo kikabaki safi, mahindi yanaweza kupita mashineni, kisha punje zianikwe tena juu ya turubai siku moja au mbili ili zifikie kile kiwango cha sokoni.

Foleni ifuate chupa. Wekeni daftari ambamo kila mwanachama anayetaka huduma anaandikwa siku aliyoleta magunzi yake na matokeo yake, yakishuhudiwa na watu wawili wasio wa nyumba yake. Aliyefaulu anapewa siku. Aliyeshindwa hapotezi heshima wala halipi faini. Anaanika na kurudi. Wawili wakifaulu siku moja, atangulie aliyeleta mapema. Wenye magunia machache, kama yule mjane, wakusanywe kwa ujirani wao, watano au sita kwa siku moja mahali pamoja, kwa sababu kuihamisha mashine kwa ajili ya magunia matatu hula petroli na hulegeza nati za fremu njiani. Ninaamini mjane huyo angekuwa amemaliza kazi yake siku ya tatu kama utaratibu huu ungekuwepo, na naomba kikundi kitafute namna ya kumfidia walau kwa kumpukuchulia bure msimu ujao. Hasara yake haikutokana na uzembe wake.

Yale mahindi yake yaliyoshika kuvu yasichanganywe na mazuri hata kidogo, wala wasipewe kuku kwa kudhani ni salama. Sumukuvu haiondoki kwa kupikwa wala kwa kukobolewa tu, na huumiza ini la mtu na la mnyama.

Hofu ya mvua na wezi naielewa vizuri. Mavuno ya msimu wa kwanza kwenu yanaangukia Julai na Agosti, wakati mawingu hayajaondoka, na mtu akiona wingu jeusi upande wa Karuma hawezi kuambiwa asubiri. Ndiyo maana fedha ya kwanza ya kikundi isiende kwenye mashine ya pili bali kwenye maturubai, na kwa wenye nafasi, kwenye kihenge cha fito kilichoinuliwa kutoka ardhini, chenye kuta zinazopitisha upepo na upana usiozidi mita moja hivi, ili upepo ufike katikati ya lundo. Mahindi yaliyomenywa maganda hukaa humo yakikauka huku paa likiyakinga, na mlango hufungwa kwa kufuli. Kuanika kwenye udongo mtupu kuachwe kabisa.

Fedha hiyo itatoka wapi? Itoke kwenye shilingi 3,000 mnazotoza. Mkitenga shilingi 1,000 kwa kila gunia kabla ya kulipa kitu kingine chochote, msimu wa magunia 410 unawaachia shilingi 410,000. Kama shilingi 2,000 zinazobaki hazitoshi petroli na ujira, pandisheni bei, msiiguse ile elfu moja. Mashine isiyojilipia hufa siku mkanda unapokatika. Kumbuka pia kwamba magunia 410 kwa kasi ya manane kwa saa ni saa zipatazo 51 za injini, na injini za aina hii kwa kawaida hutaka oili ibadilishwe baada ya saa 20 za mwanzo, kisha kila baada ya saa 100. Katika vumbi la mahindi mimi ningebadilisha kila msimu bila kuhesabu, na chujio la hewa ningelisafisha kila jioni.

Wale wanawake wawili wana haki ya kusikilizwa, na mashine yenyewe inawahitaji. Kabla gunzi halijaingia ngomani, mtu mwenye jicho zuri anapaswa kulitazama: lenye ukungu wa kijani au wa njano, lililooza ncha, lililotobolewa na wadudu, litengwe. Sumukuvu haienei sawasawa katika lundo. Mara nyingi hukaa kwenye magunzi machache mabaya, na mashine ikishayachanganya na mengine hakuna mkono utakaoweza kuyatenganisha tena. Walipeni akina mama hao kwa gunia, tuseme shilingi 2,000, fedha ndogo sana ukiilinganisha na zile 15,000 zinazopotea kwa mnunuzi. Ningependa pia angalau mmoja wao afundishwe kuendesha mashine. Wanachama 14 kati ya 22 ni wanawake, na sijaona katika barua yako mwanamke yeyote aliyeishika.

Kijana wa shati amenitia hofu kuliko mambo mengine yote. Mahindi yakikwama, injini izimwe kwanza, ngoma isimame kabisa, ndipo mkono uingie. Hakuna gunia lenye thamani ya vidole vya mtu. Mkanda ufunikwe kwa bati au wavu ambao fundi wa kuchomelea anaweza kuutengeneza kwa siku moja, na mdomo wa kulishia urefushwe hadi upite urefu wa mkono wa mtu mzima, ili asiweze kuifikia ngoma hata akitaka. Anayelisha avae nguo inayombana. Gomesi, lile vazi refu la akina mama, na mshipi wake mpana, leso yenye ncha zinazoning'inia, mikono mirefu ya shati, vyote vibaki mbali. Petroli iongezwe injini ikiwa imezimwa na kupoa, na watoto wasikaribie, hata wale wanaokuja kuokota punje zilizotawanyika.

Maharage na soya, kwa mashine hiyo, hapana. Ngoma na wavu wake vimetengenezwa kwa ajili ya gunzi, na maharage yanahitaji kasi ya chini zaidi, la sivyo yatagawanyika vipande viwili na hayatafaa kwa mbegu wala kwa soko. Zipo mashine za mazao mengi zinazobadilishwa wavu na kasi. Mkifika hatua hiyo, kituo cha uhandisi wa kilimo cha NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo, kilichoko Namalere ni mahali pazuri pa kuuliza kabla ya kununua.

Limebaki suala la mwenyekiti. Sioni katika maneno yako kwamba ni mtu mbaya. Mashine inalala kwake, na mwenye kulaza mgeni huanza kumwona kuwa wake. Kikundi kikubaliane iwe inahama kila wiki kulingana na daftari, na daftari likae kwako. Lakini usimshtukize mbele ya watu. Nenda kwake siku mbili kabla ya kikao, ukiwa na chupa na chumvi, umwombe atoe magunzi matano katikati ya lundo lake, na hiyo robo saa ya kusubiri mkae pamoja.